Ruracio ni Desemba, na bado sijamwambia kwamba sitaki mtoto

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Kasarani na ninafanya kazi ya uhasibu mjini. Kwetu ni Murang'a. Ndimi kifungua mimba. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, nilimsaidia mama kulea wadogo zangu wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Nina mchumba, tunapendana kwa dhati, na ruracio, yaani sherehe ya mahari kwa mila zetu za Kikuyu, imepangwa Desemba. Shida ni kwamba sitaki kuzaa. Sijawahi kutaka. Akigusia watoto, mimi humjibu "tutaona". Mama naye kila nikienda nyumbani huniuliza jina lake litabebwa na nani, na siku yangu ikifika nani atanizika. Je, nina kasoro? Nimwambie mchumba, au nisubiri kwa sababu pengine nitabadilika? Na swali dogo: mama mboga wa mtaani huniita Mama Brayo, na sina Brayo yeyote. Nimwache tu?

Jibu: Dada, nianze na hilo neno "tutaona", maana ndilo lililonifanya niichukue barua yako kabla ya nyingine. Hujamdanganya huyo bwana, lakini pia hujamwambia kitu. Wewe ukilisema, moyoni umeshakataa. Yeye akilisikia, anajua mtoto yuko njiani, ni tarehe tu haijatajwa. Na Desemba wazee wa pande mbili watakaa chini wahesabu mbuzi juu ya neno hilohilo.

Miaka kadhaa iliyopita walinijia mume na mke waliokuwa na miaka mitano katika ndoa. Mke alikuwa akifua suruali ya mumewe akakuta risiti mfukoni: kitanda cha mtoto, kimetengenezwa na fundi wa kando ya Barabara ya Ngong, kimelipwa kwa awamu tatu. Chenyewe kilikuwa Rongai kwa kakake mume, kimefunikwa shuka. Watu hawa walikuwa hawajawahi kugombana kuhusu watoto hata siku moja. Mke alinieleza, "Mimi nilimwambia tutaona." Mume, macho yake yako sakafuni, akasema, "Na mimi nikaona." Nimefanya kazi hii ya ushauri wa ndoa zaidi ya miaka 20, na siku hiyo sikuwa na la kuongeza. Waliachana mwaka uliofuata.

Kwa hivyo jibu la swali lako la pili ndilo refu, nitalirudia. La kwanza ni fupi: huna kasoro. Mimi nina watoto watatu na ningewazaa tena, kwa hivyo usinisome kama mwenzako katika hili. Nakuambia kama mtu aliyeketi na wengi wa aina yako. Kutotaka mtoto si ugonjwa, wala hakuna kipimo chake hospitalini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kule Marekani, walichapisha matokeo yao kuhusu watu wazima walioamua kutozaa, na hawakukuta kwamba wanaridhika na maisha yao kidogo kuliko wazazi. Najua, Michigan si Murang'a. Kule hakuna shangazi anayekupapasa tumbo kwenye matanga. Lakini huo ni mzigo wa mazingira, na kasoro ni kitu kingine.

Ila kuna jambo ningetaka ulichunguze kabla hujafungua mdomo mbele ya mchumba. "Sitaki" huwa inasimama karibu sana na "naogopa" na "siwezi kwa sasa", na kwa mbali zinafanana. Uliwaosha, ukawalisha na ukawapeleka shule watoto wanne ukiwa bado mtoto. Watu watakuambia una kidonda cha utotoni na ukitibiwa utataka. Huenda. Lakini pia yawezekana kabisa kwamba wewe ndiye unayeijua kazi hii kuliko wote wanaokushauri, umeifanya, umeimaliza, na huiombi tena. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi wewe ulianzia kwenye kazi. Jiulize hivi, ukiwa peke yako, simu imezimwa: kama pesa zingekuwepo, kama kuzaa kungekuwa salama kabisa (na hofu hiyo si upuuzi, sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai), na kama mama yako asingejua kamwe, ungetaka? Jibu likibadilika, hilo ni hofu au uchovu, na vyote viwili vina tiba. Lisipobadilika, acha kujichunguza. Nimeona wanawake waliojichunguza mpaka miaka 45.

"Pengine nitabadilika." Pengine. Wapo waliobadilika, kama walivyopo waliozaa wakabadilika kimyakimya na hawana pa kulisema. Lakini hakuna anayefunga ndoa kwa kutegemea jinsi atakavyokuwa miaka sita ijayo. Mwambie ulivyo leo.

Sasa namna ya kumwambia. Usiongee mkiwa kwenye matatu, wala jikoni kwa mamake, wala usiku mmetoka kugombana kwa sababu nyingine. Chagua siku ya mapumziko, mahali ambapo kila mmoja anaweza kuinuka akatembea. Na umwambie kwa maneno mafupi: "Sitaki kuzaa. Si kwamba sitaki mwaka huu, sitaki kabisa. Nilikuwa nikikuambia tutaona kwa sababu niliogopa kukupoteza, na hapo nilikukosea. Sitaki uje kwetu Desemba bila kujua." Kisha unyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kujaza kimya na sababu: karo, kodi ya nyumba, foleni za hospitali, hali ya nchi. Usifanye hivyo. Sababu hizo ni za kweli, lakini sizo zako, na mwanamume anayekupenda akipewa sababu huiona kama kazi aliyopewa. Ukimpa sababu ya karo, atatafuta karo. Atachukua mkopo wa sacco, atanunua ploti Juja, atarudi miaka mitatu baadaye amekamilisha kila kitu kwenye orodha yako, na atakuuliza kwa haki kabisa: sasa je?

Usitake jibu siku hiyohiyo. Akikasirika, ana haki ya kukasirika. Akisema yeye anataka watoto na hawezi kuishi bila wao, muamini, na msiburutane. Mtu kutaka mtoto si dhambi kama ambavyo wewe kutomtaka si dhambi, na hakuna nusu mtoto mtakayekubaliana katikati. Jibu linalonitia wasiwasi zaidi ni lile tamu: "Sawa tu, mradi nikupate." Likija, mpe miezi miwili, kisha muulize tena kwa swali tofauti: mamake akimuuliza mbele ya watu, atasema nini? Mwanamume aliyekubali kweli atakuwa na sentensi yake mwenyewe. Asiyekubali atasema, "Hilo niachie mimi." Usimwachie.

Na kama tarehe ya Desemba itabidi isogezwe, isogezwe. Mbuzi hawaozi.

Kuna upande wa sheria ambao wanandoa wengi hapa Nairobi hawaujui, na kwenu una uzito kuliko kwa wengine. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ya Kikristo na ndoa ya kiraia ni za mke mmoja. Ndoa ya kimila, kama ile ya Kiislamu, huchukuliwa kuwa inaruhusu wake wengi. Mkiishia kwenye ruracio peke yake, siku mumeo akigeuka na kutaka mtoto, au akasukumwa na ukoo, anaweza kuoa mwingine bila kuvunja sheria. Mkiwa mmefunga ndoa ya kiraia kwa Msajili pale Sheria House, au kanisani, kuoa tena ni kosa la jinai. Cheti hakitamzuia kuwa na mtoto nje, hilo halizuiliwi na karatasi yoyote, lakini utajua umesimama wapi.

Mkipanga kanisani, na kama ni Katoliki, tahadhari. Padre atawauliza kama mko tayari kupokea watoto. Sheria za Kanisa hilo zinasema anayekubali ndoa huku ameondoa watoto kwa makusudi, ndoa yake ni batili. Sikuambii uende usiende. Nakuambia usisimame pale useme "ndiyo" ukimaanisha tutaona. Madhehebu mengine yana ulegevu zaidi. Muulizeni mchungaji wenu faraghani kabla ya matangazo kusomwa.

Kuhusu kinga, nitakuwa mfupi, kwa sababu daktari atakupima na mimi siwezi. Kitanzi cha shaba hukaa hadi miaka 10 bila homoni. Ukiwekewa sasa kinakufikisha 44. Kijiti cha mkononi hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina. Vyote hutolewa siku yoyote ukitaka, na ndiyo maana mimi hupendekeza waanze navyo hata walio na uhakika: vinaondoa mjadala wa kila mwezi bila kufunga mlango. Ukitaka kufunga uzazi kabisa, jiandae kuulizwa "una watoto wangapi?" kabla hata hujaketi, na baadhi ya vituo vitakuambia ulete mume atie sahihi. Sahihi inayohitajika ni yako. Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma za afya ya uzazi, na haikuweka sharti la idadi ya watoto. Mumeo akiamua kufungwa yeye, ni upasuaji mdogo wa chini ya nusu saa, mgonjwa yuko macho, anarudi nyumbani siku hiyo. Ila mbegu zilizobaki njiani huchukua kama miezi 3 kuisha, na lazima apimwe kabla hamjaacha kinga nyingine. Nimewahi kupokea wanandoa walioisahau hiyo miezi mitatu. Mtoto wao sasa yuko darasa la pili.

Tuje kwa mama. Usimjibu mama yako kwa hasira, na tafadhali usimtumie video za kutoka intaneti. Jaribu kuona anachokiona yeye. Jumapili baada ya ibada wenzake wa chama cha akina mama hutoa simu, mmoja anaonyesha mjukuu amekata jino, mwingine mjukuu yuko Dubai. Yeye anaonyesha picha yako ya mahafali ya 2013. Anapouliza jina lake litabebwa na nani, hilo ni swali la kweli na linafaa kujibiwa kwa hesabu.

Basi tuhesabu. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa mamake mume, wa pili ndiye huitwa mamake mke. Kwa hivyo ili mama yako abebwe kupitia kwako, ungehitaji kuzaa wasichana wawili, na wavulana wangapi kati yao Mungu anajua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, majina yalitosha nyanya, babu, shangazi na hata mjomba mlevi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliukuta wastani umeshuka hadi 3.4. Maana yake wamama wengi wanaozaa bila kusita, watoto wawili na kufunga hesabu, tayari wamewaacha wazazi wa upande wa mke nje ya majina, na hakuna anayewauliza maswali. Jina la mama yako liko kwa kaka zako. Msichana wa kwanza wa kila mmoja wao ni yeye. Mwambie hivyo, kwa upole, na kama mmoja wao ameshazaa msichana, mbebe huyo mtoto siku hiyo umpeleke kwa nyanya yake.

"Nani atakuzika" nalo lina jibu, lakini la kwanza ni kutambua kwamba swali hili ni la zamani na jamii zetu ziliwahi kulijibu bila tumbo. Wakamba, Wakuria na Wanandi walikuwa, na baadhi bado wana, desturi ya mwanamke asiye na mtoto kumwolea nyumba yake mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba hiyo na warithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Sikushauri uoe. Nataka uone kwamba wazee walikuwa na hofu ya nyumba kufungwa: mali ipotelee wapi, jiko lizimwe na nani, kaburi lifagiliwe na nani. Hofu hiyo ukiijibu kwa mipango, kelele za tumbo hupungua. Si zote.

Mipango yenyewe haina mapenzi ndani yake, ni makaratasi. Usipokuwa na mtoto na ukafa bila wosia, sheria ya urithi humpa mwenzi wako vyombo vya nyumbani, fungu la mali, na haki ya kuitumia iliyobaki maisha yake yote. Baada yake hiyo iliyobaki inarudi kwa jamaa zako. Akitangulia yeye, ni hivyohivyo kwa jamaa zake, na ghafla shemeji ambaye hukuonana naye miaka kumi ana maoni kuhusu nyumba yenu. (Waislamu wana hesabu yao: mjane asiye na mtoto upande wa marehemu hupata robo badala ya thumuni.) Andikeni wosia, kila mmoja wake. Unahitaji mashahidi wawili, na usimweke shahidi unayemwachia kitu. Angalia pia fomu za sacco na za pensheni uone jina la nani liko pale. Wateja wangu wengi hukuta bado wamemwandika mzazi aliyefariki au mpenzi wa chuoni.

Pesa za uzeeni usizitie matumaini kwa serikali. Mpango wake wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na ni kwa wenye miaka 70 na zaidi. Wewe ni mhasibu, hili sitakufundisha. Ila ongeza kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya uhasibu: watu. Mtoto si bima, nimezika wazazi wa watoto saba ambao watano walifuatilia mazishi kwa simu kutoka ng'ambo. Lakini mtoto hulazimisha watu kujuana, mzazi mwenza, mwalimu, jirani. Wewe utalazimika kufanya hilo kwa makusudi. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kahawa West, hajazaa na hakutaka. Amelipia karo ya wapwa wawili bila kusema neno la fadhila, yuko kwenye chama cha watu wanane ambao kila mmoja ana ufunguo wa mwenzake, na kwenye mlango wa friji yake amebandika karatasi: dawa anazotumia, namba za watu wawili wa kupigiwa, na mahali wosia ulipo. Alipoanguka bafuni mwaka juzi, alifika hospitalini kabla ya jirani yake mwenye watoto sita kumaliza kuulizana kwenye kundi la WhatsApp la familia ni nani aende.

La mwisho kuhusu watu wengine. Mkishaoana, baada ya mwaka mmoja wataanza kukuangalia kiunoni. Kiswahili kina tasa, kina mgumba, maneno ya aliyekosa. Aliyeamua hana jina, kwa hivyo watakupa lililopo. Mtashawishika kusema "bado tunajaribu" ili muachwe. Msiseme. Utaombewa kwa kufunga, utaletewa dawa za mizizi kwenye chupa ya soda, na lawama zote zitakuwa zako kwa sababu hakuna anayemkagua mwanamume. Tena utakuwa umekalia kiti cha dada anayelia kila mwezi kwa kukosa kweli. Kubalianeni watu wanne au watano wanaostahili ukweli wote. Wengine waambieni, "Sisi tuko wawili, tuko sawa," na mumeo awe wa kwanza kuisema kwao, wewe kwenu.

Mama mboga, sasa. Yule mwalimu wa Kahawa West naye aliitwa Mama Brayo, miaka miwili mizima, hata mimi nilicheka nilipoliona jina hilo kwenye barua yako. Siku moja, akichambuliwa sukuma, akauliza Brayo ni nani. Mama mboga hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Ni kifungua mimba wangu. Sikujua nikuite nani, nikakuazima wangu." Mwalimu alilipa, akachukua dhania yake ya nyongeza, na hajalirudisha jina mpaka leo.